Popo wa Mkungu ni Ndugu wa Nani?

Mwaka 1967 George Gaylord Simpson, Mmarekani aliyehesabiwa miongoni mwa magwiji wa visukuku duniani, alichunguza vipande vya taya vilivyochimbuliwa magharibi mwa Kenya, kwenye miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 20. Aliyatazama meno, akatoa hukumu: huyu ni jamaa wa komba. Akampa jina la Propotto leakeyi, kwa heshima ya Louis Leakey. Haikupita zaidi ya miaka miwili, Alan Walker, ambaye siku hizo alikuwa akifundisha Afrika Mashariki, akasema si komba hata kidogo, ni popo wa matunda. Wataalamu wakakubali, na kwa karibu nusu karne vitabu vikaandika kwamba popo wa matunda wa kale wa Afrika ametoka Kenya. Kisha mwaka 2018 Gregg Gunnell na wenzake wakayalinganisha meno hayo na ya mnyama mwingine wa kale kutoka Fayum, Misri, na hukumu ikageuka tena. Si popo. Ni jamaa wa aye-aye, yule mnyama wa usiku wa Madagaska mwenye kidole kirefu chembamba cha kuchokolea mabuu mitini. Gunnell mwenyewe hakuishi kuiona makala hiyo ikitoka. Alifariki mwaka 2017.

Mkorogo huo haukuletwa na uzembe. Umeletwa na chakula. Popo anayekula wadudu anahitaji meno yenye ncha na kingo kali za kupasulia magamba ya mende, na kingo hizo mtaalamu huzisoma bila taabu hata akipewa jino moja. Popo wa matunda hana kazi hiyo. Akipata pera au kungu, hulikandamiza kwa ulimi kwenye kaakaa lenye matuta, hufyonza maji yake, kisha hutema makapi. Mwenye mkungu uani kwake huyafagia kila asubuhi. Ulaji wa namna hiyo hauhitaji ncha. Vizazi kwa vizazi meno yamekuwa mafupi na bapa, yenye mfereji katikati, hata alama za ukoo zimefutika. Ongeza kwamba mifupa ya popo ni myembamba na udongo wa misitu ya joto huiozesha upesi, utaelewa kwa nini familia yenye spishi zipatazo 200 imeacha visukuku vichache mno. Historia yake imebidi itafutwe kwa mashahidi wengine.

Kwa macho ya kawaida jambo lilikuwa rahisi. Mtoto wa Tanga au Malindi anajua kwamba popo ni wa aina mbili. Wapo wadogo wanaojificha darini na chini ya mabati, wenye vijicho ambavyo ni shida hata kuviona, wanaotoka magharibi kuwinda wadudu. Na wapo wakubwa wanaoning'inia mitini, wenye macho ya duara na uso wa mbwa, wanaogombana kwenye miembe hadi usiku wa manane. Wataalamu nao waligawa hivyohivyo. Mwaka 1875 George Dobson, mganga wa jeshi la Uingereza mzaliwa wa Ayalandi, aliwatenga katika makundi mawili, Megachiroptera na Microchiroptera, yaani wakubwa na wadogo. Wakubwa huongozwa na macho na pua, na wengi wao wana kucha kwenye kidole cha pili cha bawa mbali na ile ya gumba. Wadogo hupiga sauti nyembamba ambazo sikio la binadamu halizidaki, wakasikiliza mwangwi wake ili wajue kilicho mbele yao gizani. Majina yenyewe yalikuwa na walakini, kwa kuwa wapo "wakubwa" wasiofika gramu 20. Hata hivyo mgawanyo huo ulidumu zaidi ya karne moja, na wengi tuliosoma biolojia sekondari tuliukariri kama ulivyo.

Aliyeutikisa kwanza alikuwa Jack Pettigrew wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Yeye hakuwa mtu wa meno wala mabawa. Alichunguza macho na ubongo. Kwa mamalia wengi, kila upande wa sehemu fulani ya ubongo wa kati hupokea karibu habari zote za jicho la upande wa pili. Kwa nyani, komba na binadamu mpango ni mwingine: kila upande hupokea nusu tu ya mandhari, lakini kutoka macho yote mawili. Pettigrew alipofuatilia nyuzi hizo kwenye popo wakubwa wa kwao, akaukuta mpango wa nyani. Mwaka 1986 akaandika katika jarida la Science kwamba huenda popo wa matunda hawana udugu na popo wa darini. Kwamba wao ni tawi la nyani lililoota mabawa peke yake. Ikiwa ni hivyo, mamalia wamejifunza kuruka mara mbili. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeweka misingi ya kuainisha viumbe, naye aliwapanga popo kundi moja na nyani na binadamu, ingawa kwa sababu nyingine kabisa: wote wana matiti mawili, tena kifuani.

Hoja ya Pettigrew ilikuwa ya kijasiri, nami naona ilistahili kelele zote ilizozua. Ila ilibeba mzigo mzito. Vidole virefu, ngozi iliyotandazwa katikati yake, misuli ya kifua, vyote vilipaswa kuwa vimejengwa mara mbili na wajenzi wasiojuana, kisha vikatoka sawasawa. Miaka ya 1990 maabara zilipoanza kusoma DNA za wanyama wengi kwa wakati mmoja, karibu kila jeni lililopimwa lilielekea upande uleule: popo wote ni wazao wa babu mmoja, na bawa lilizuka mara moja tu. Tena babu huyo hakuwa jirani wa nyani. Katika ukoo mkuu wa mamalia, popo wamo kwenye nyumba ya ng'ombe, farasi, mbwa, kakakuona na hata nyangumi. Panya, ambaye watu wengi hudhani ndiye popo aliyekosa mabawa, hayumo humo. Panya yuko upande wetu, sisi na nyani.

Hapo mtu angedhani Dobson ameshinda kesi. Lakini DNA hiyohiyo ilipoulizwa udugu wa popo kwa popo, mstari wake nao ukavunjika. Mwaka 2000 Emma Teeling wa Ayalandi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba popo wenye pua mfano wa kwato ya farasi, hao mabingwa wa kuwinda kwa mwangwi, ni ndugu wa karibu zaidi wa popo wa matunda kuliko wa popo wengine wala wadudu. Miaka miwili kabla, utafiti mwingine wa DNA ulikuwa umeelekea hukohuko, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Pettigrew. Si watafiti wengi wanaokubali jina lao liwekwe kwenye makala ya namna hiyo.

Popo sasa wana matawi makuu mawili, ambayo wataalamu waliyapa majina kwa kuchukua yin na yang za Wachina: Yinpterokiroptera na Yangokiroptera. Katika tawi la kwanza wamo popo wa matunda, popo wa pua ya kwato na jamaa zao wenye pua za majani, pamoja na kijipopo cha Thailand na Myanmar chenye uzito wa gramu mbili hivi. Ndugu yake mkubwa katika tawi hilo hupita kilo moja, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu. Ukiingia katika mapango ya matumbawe ya pwani ya Kenya unaweza kuwakuta popo wa matunda na popo wa pua za majani wamelala chini ya paa moja, mmoja akingoja maembe na mwingine akingoja nondo, nao ni wa damu moja. Popo mwenye mkia mrefu anayekaa chini ya mabati yako, anayefanana sana na huyo mla nondo, ni wa nyumba nyingine.

Udugu huu umeleta swali ambalo Dobson hakulazimika kujiuliza. Ikiwa popo wa pua ya kwato anaona kwa mwangwi, na wale wa tawi la pili wanaona kwa mwangwi, mbona popo wa matunda aliye katikati yao haoni hivyo? Ama ustadi huo ulizuka mara mbili, kila tawi likiubuni kivyake, ama babu wa wote alikuwa nao na popo wa matunda wakaupoteza.

Ushahidi mmoja umetoka Singida. Mahenge (si ile ya Ulanga, Morogoro, hii iko mkoani Singida) palikuwa na ziwa ndani ya shimo la volkano miaka milioni 46 iliyopita, na tope lake limehifadhi samaki wengi na popo mmoja. Gunnell, yuleyule wa mataya ya Kenya, alikuwa kiongozi wa kundi lililomweleza popo huyo mwaka 2003 kwa jina la Tanzanycteris mannardi. Koklea yake, yaani kile kiungo cha kusikia kilichojisokota ndani ya sikio, ni kubwa kwa kiwango kinachokaribia cha popo wa pua ya kwato wa leo. Kwa hiyo zama hizo tayari palikuwa na popo katikati ya Tanzania aliyesikia kwa ustadi mkubwa. Kwa upande mwingine, popo wa Wyoming, Marekani, aliyeelezwa mwaka 2008 na mwenye umri wa miaka milioni 52 na zaidi, ana mabawa kamili na kucha kwenye vidole vyote vitano, lakini koklea yake ni ndogo. Waliomweleza walihitimisha kwamba popo waliruka kwanza, mwangwi ukaja baadaye. Wapo waliowapinga.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi haukutoka mawe. Mwaka 2017 watafiti walilinganisha vijusi vya popo wa aina mbalimbali. Walikuta kwamba koklea ya kijusi cha popo wa matunda huanza kwa ukubwa unaolingana na wa popo wa mwangwi, kisha ukuaji wake hupungua hadi ifanane na ya mamalia wa kawaida. Kiungo ambacho hakijawahi kutumika kwa kazi fulani hakina sababu ya kuanza safari ya kuielekea kazi hiyo. Mizani, kwangu, imelalia upande wa kupotea: popo wa matunda ni mtoto wa wawindaji wa gizani aliyeacha kazi ya ukoo akahamia kwenye matunda, ambako pua na macho vinamfaa zaidi. Embe lililoiva halikimbii, na harufu yake hufika mbali.

Kuacha huko nako hakukuwa moja kwa moja. Popo wa matunda wa mapangoni, wa jenasi ya Rousettus, wanahitaji kuruka ndani ya giza totoro ambamo jicho halisaidii, nao wamebuni mwangwi wao wa pili: hubofya kwa ulimi, wakati popo wengine hutoa sauti kooni. Na mwaka 2014 watafiti waliwajaribu popo wa matunda wa spishi tatu za Asia waliodhaniwa hawana ujanja wowote wa sauti. Walikuta kwamba gizani hutoa milio midogo kwa mabawa yao, wakaweza kutambua vizuizi vikubwa, japo kwa shida.

Ndani ya familia yenyewe sura imeendelea kudanganya. Mwaka 1912 Knud Andersen, Mdenmaki aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Uingereza, alitoa orodha kubwa ya popo wa matunda ambayo watu waliitegemea karne nzima. Aliwakusanya pamoja popo wote wenye ulimi mrefu wa kulambia mbochi wa maua, wa Asia na wa Afrika. Ni jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. DNA ikaonyesha kwamba yule mlamba mbochi wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi hana udugu wa karibu na wenzake wa Asia. Ndugu zake ni popo wala matunda wa Afrika wenye ulimi wa kawaida. Maua yaliufanya ulimi urefuke zaidi ya mara moja. Kinyume chake, popo wa manyoya marefu wa milima ya Afrika Mashariki, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa ndani ya Rousettus kwa sababu anafanana nao, ametolewa humo na kupewa jenasi yake, Stenonycteris. Kwa hiyo ukiwa na kitabu cha zamani cha wanyama wa Kenya au Tanzania, baadhi ya majina ya popo humo yameshahama.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote iko baharini. Popo wakubwa wa jenasi ya Pteropus, zaidi ya spishi 60, wametapakaa kutoka visiwa vya Cook katika Pasifiki, kupitia Australia, Asia ya Kusini na visiwa vya Bahari ya Hindi, hadi Pemba na Mafia. Hapo wamekoma. Bara la Afrika halina hata spishi moja yao, ingawa mabawa yao yanatosha kuvuka mkondo wa Pemba, wenye upana wa kilomita 50 hivi, na kutoka Mafia hadi delta ya Rufiji ni karibu zaidi. Pengine bara lilikuwa limeshajaa popo wengine wa matunda waliotangulia. Hilo ni wazo tu, lakini linaeleweka.

Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, hapatikani mahali pengine popote duniani. Aliingizwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1909, akapewa jina la Alfred Voeltzkow, msafiri wa Kijerumani. Popo mkubwa wa Mafia si wa spishi hiyo. Huyo wa Mafia ni yuleyule anayeonekana mchana kweupe visiwa vyote vya Komoro, na ana udugu na popo wa Shelisheli. Wa Pemba udugu wake uko kwa popo mweusi wa milimani Nzwani na Mwali, anayeitwa kwa jina la Livingstone. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba popo hawa walifika magharibi ya Bahari ya Hindi kutoka upande wa Asia ya Kusini-Mashariki zaidi ya mara moja, na kwamba visiwa vya mbali vilikaliwa kwanza. Visiwa viwili vya Tanzania, basi, vina wahamiaji wa misafara miwili tofauti.

Huo udugu si mapambo ya kitabuni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa wamewindwa kwa ajili ya kitoweo na misitu yao kukatwa, hata ikakadiriwa wamebaki mamia machache. Laiti wangekuwa tawi la popo wa Mafia au Komoro, ulimwengu ungeweza kusema wapo wengine. Kwa kuwa ni spishi yenye kisiwa kimoja tu, mashirika ya uhifadhi yaliingia, na Wapemba wenyewe, kama wale wa Kidike, wakageuza malalo ya popo kuwa mahali pa kupokea wageni kwa kiingilio. Hesabu zilizofuata zilipita popo 20,000.

Wa bara nao wana kazi zao, na kila mmoja ana yake. Popo wa rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, ndiye anayekusanyika kwa mamilioni Kasanka, Zambia, kila ifikapo Novemba, na ndiye aliyewahi kulijaza bonde zima mjini Kampala. Huyo hula matunda ya mvule na kudondosha mbegu akiwa angani. Vipimo vilivyofanyika Ghana vimeonyesha kwamba anaweza kuipeleka mbegu hadi kilomita 75. Fundi anayechonga mlango wa mvule ana deni kwake. Ua la mbuyu nalo hufunguka jioni, na popo wa matunda ni miongoni mwa wanaohamisha chavua yake. Yule wa mjini, mwenye vishungi vyeupe mabegani ambavyo dume huvikunjua akiita majike usiku kucha, ni wa jenasi ya Epomophorus. Watu wengi humsikia wakadhani ni chura.

Na virusi vya Marburg? Hapa ndipo kumjua popo kwa ukoo wake kunapomgusa mtu wa kawaida. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba wamevipata virusi hivyo vikiwa hai ndani ya popo wa Rousettus aegyptiacus kwenye machimbo ya Kitaka, magharibi mwa Uganda. Huyo ndiye popo wa matunda wa mapangoni, yule anayebofya kwa ulimi, na tabia yake ya kulala kwa maelfu ndani ya pango ndiyo inayomkutanisha na wachimbaji na watalii. Mlipuko wa Kagera mwaka 2023, wa Rwanda mwaka 2024 na wa Biharamulo mwanzoni mwa 2025 umewafanya watu wengi wa ukanda huu wamwangalie kila popo kwa jicho baya, hadi kutaka kukata mikungu. Lakini si kila popo wa mkungu ni popo wa pango, na milipuko ya Marburg ambayo chanzo chake kinajulikana imehusishwa na mapango na machimbo, si na mikungu. Embe lililotafunwa usiku usile, popo aliyeanguka usimshike kwa mikono mitupu. Zaidi ya hapo mti hauna kosa.

Kuhusu pango, jaribio la kuwaangamiza limeshafanyika. Wachimbaji wa Kitaka waliziba milango na kutega nyavu hadi popo wakaisha. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka Ibanda, kilomita 20 hivi kutoka hapo. Watafiti waliporudi machimboni walikuta popo wameanza kurejea, wachache kuliko mwanzo, na kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha kabla ya kuuawa.